Nilivyoinywesha Kompyuta ya Mke Wangu Maji ya Kabatoro

Wiki iliyopita mliniacha nimekaa kando ya barabara ya Bwera, natazama afande aking'oa taa za Fuso langu moja baada ya nyingine. Najua mlicheka. Nilikuwa nimefunga taa kumi na nne za rangi, na afande alizimaliza zote huku akiniuliza, "Hii ni gari ama ni disko? Toa!" Nikatoa.

Kwa asiyenijua, naitwa Zubairi, msafirishaji wa hapa Kasese. Napakia chumvi Kabatoro, napakua Bwera, narudi na chochote kilichovuka kutoka Kongo. Nina ugonjwa mmoja tu. Kitu kikimetameta, akili yangu hutoka nje ikakifuata.

Leo naungama kosa lililo kubwa kuliko la Fuso. Leo ni habari ya kompyuta ya mke wangu.

Mke wangu Swabrah hupiga filamu za harusi. Chumba chake cha kazi kiko mbele ya nyumba yetu, na humo kulikuwa na kompyuta nyeusi, nzito, isiyo na hata taa moja ya maana. Mimi nilikuwa naiita jeneza. Yeye aliiita mwenzangu. Jamani, mwanamume gani anakubali mke wake aliite debe la bati mwenzangu?

Ndani ya jeneza hilo kulikuwa na harusi ya Rachelle. Hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo ubaya wangu ulipo.

Rachelle ni binti wa Mama Elise. Ni watu wa Butembo, Kongo, walikimbia vita wakafika Bwera mikono mitupu, wakaanza upya kwa kuuza vitenge. Siku ya harusi, baba yake Rachelle, Papa Gracien, alisimama akambariki binti yake kwa Kinande, lugha ya kwao, dakika tisa nzima. Wiki tatu baadaye akafa.

Kila kitu chao kilibaki Butembo, hata picha. Sauti ya mzee yule ilibaki chumbani mwa mke wangu tu, wala hakuna pengine duniani. Na Mama Elise alikuwa aje kuichukua filamu Jumamosi.

Jumatatu Swabrah akaenda Nyakalengija kuwapiga filamu wapagazi wa mlimani, kazi ya siku tatu. Alipofika mlangoni akageuka.

"Baba Hanifah, kompyuta yangu usiiguse."

"Nani aliguse hilo jeneza?"

Wakati nasema hivyo nilikuwa sina nia yoyote mbaya. Nia mbaya ilinikuta kesho yake Bwera, dukani kwa Achille.

Achille ni mfanyabiashara kutoka Beni, anauza vyombo vya kompyuta karibu na soko. Aliponiona tu akaanza.

"Papa Zuba! Nilisikia afande alikutosha mataa."

"Alizitoa zote."

"Basi weka mu nyumba. Mu nyumba afande haingiake."

Akaondoa kitambaa juu ya meza. Ndugu zangu, nilishika ukuta. Lilikuwa sanduku la kompyuta la kioo kitupu. Ndani yake feni sita, kila moja inazunguka na rangi zake. Vijiti vya kumbukumbu vinawaka. Kibodi inawaka. Hata kipanya kinawaka tumboni, sijui kinammulikia nani chini ya kiganja. Na katikati mirija ya kioo imejaa maji ya kijani, yanazunguka yakiwaka.

"Hii ni nini?"

"Ni machine ya ma-gamer, papa."

"Gamer ndiye nani?"

"Ni mutu anakaa mu kiti siku muzima, anaua batu ba mu skrini, benye habako."

"Na taa za nini?"

Achille akafikiri kidogo. "Za kuonyesha."

"Kuonyesha nini?"

"Kwamba iko na mataa."

Jibu lile lilinitosheleza kabisa. Nikabakiza swali moja la kitaalamu.

"Taa zinaongeza mbio?"

"Ile nyekundu inaongeza kidogo," akasema, bila hata kupepesa macho.

Jumatano asubuhi nililipakia jeneza kwenye Fuso nikalipeleka Bwera. Achille akalifungua, akahamisha matumbo yake yote kwenye kioo. Tukabadilishana kiungwana: yeye abaki na vyuma vya zamani nisivyovitaka pamoja na magunia yangu ya chumvi, mimi niondoke na mwanga. Akanikabidhi na onyo.

"Papa, hii maji ya mu mirija inapozesha machine. Ikipunguka, unaweka ya chupa, ile ya kuchujwa. Usiweke ya bomba. Usiweke ya mvua. Unasikia?"

Nilisikia. Ya bomba hapana, ya mvua hapana. Ya chumvi hakuitaja.

Msigune. Kwanza mnisikilize. Ile rangi ya kijani ilinikera. Ilifanana na dawa ya kuogeshea ng'ombe, na mimi sikuwa nimefika mbali namna ile ili niwe na josho chumbani. Tena mimi ni mtoto wa Kabatoro. Kiangazi kikikaza, maji ya vidimbwi vya chumvi hugeuka yakawa mekundu ya waridi, rangi ambayo ukiiona mara moja huisahau. Nikawaza: maji yale, ndani ya kioo, yamulikwe kwa nyuma! Tena chumvi haiozeshi. Samaki tunamtia chumvi anakaa miezi, sembuse kompyuta?

Basi nikakata kona, nikashuka ziwani Kabatoro na dumu. Mama yangu, Saudah, bado anakokota chumvi kwenye kidimbwi chake, umri wote ule. Akaniona nachota.

"Hiyo maji ya nini?"

"Ya kompyuta, mama."

"Inaumwa?"

"Inasikia joto."

"Si uipee feni?"

"Iko nazo sita."

Mama akasimamisha mti wake wa kukokotea, akanitazama. "Zubairi. Hii maji inakula koleo. Ilikula miguu ya baba yako mpaka akafa na vidonda."

"Kompyuta yangu ni ya kioo, mama."

"Na kichwa yako ni ya nini?"

Nikafunga dumu langu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tuliimba hivyo shuleni, na mimi ndiye niliyekuwa naimbisha.

Jioni ile, nyumbani, nilimwaga kijani, nikajaza waridi. Nikawasha. Wallahi ilipendeza! Chumba kizima kilikuwa kama Idi imekuja na ndugu zake. Phionah, msusi wa jirani, alipochungulia dirishani alipiga ukelele, na kufikia kesho yake mchana alikuwa anawaleta wateja wake wapigwe picha mbele ya kompyuta, vichwa vimesukwa nusu. Wanaume waliotoka msikitini walipita kuangalia. Hakuna hata mmoja aliyeuliza inafanya kazi gani. Huo ndio uzuri wa taa, ndugu zangu, zinamwondolea mtu maswali.

Alhamisi alasiri Swabrah akarudi na vumbi la mlimani miguuni. Akasimama mlangoni. Akautua mfuko wa kamera polepole.

"Zubairi."

Akiniita Baba Hanifah, niko salama. Akiniita Zubairi, natafuta viatu.

"Nani ameivisha kompyuta yangu gomesi ya sherehe?"

"Ni zawadi, mke wangu. Ni ya wacheza gemu."

"Mimi nacheza gemu?"

"Ukitaka kuanza..."

Hakuningoja nimalize. Akaketi, akafungua faili la harusi. Papa Gracien akatokea kwenye skrini, koti lake kubwa, mkono juu ya kichwa cha binti yake, akaanza kusema Kinande chake taratibu. Swabrah akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akashusha pumzi.

"Bahati yako, harusi iko. Sasa sikia. Mama Elise anakuja Jumamosi saa nne. Nabakiza kupanga vipande na kuweka muziki. Kikiharibika kitu hapa, sitakugombeza. Nitakuita umwambie wewe mwenyewe."

"Kiharibike vipi, na mashine inapoa hivi?"

Ijumaa ikapita vizuri, isipokuwa jambo moja dogo ambalo mimi nililifurahia. Kwenye maungio ya mirija paliota vitu vyeupe, vidogo, vinang'aa. Nikamwita mke wangu aone.

"Tazama! Imejitengenezea theluji, kama kule juu Rwenzori!"

Swabrah akagusa kwa kidole. Akakipeleka kidole ulimini. Akatema.

"Zubairi, hii ni chumvi."

"Kidogo tu."

"Kwenye mirija yangu kuna maji gani?"

Nikamwambia. Alitaka kuizima hapo hapo. Nikamwomba, nikamwapia, nikamwambia maji yanazunguka vizuri, angoje tu amalize filamu halafu nitabadilisha kwa mkono wangu. Alikuwa amechoka, na kazi ilikuwa imebaki kidogo. Akanikubalia. Katika yote niliyoyafanya wiki ile, hilo la kumbembeleza ndilo linaloniuma zaidi, maana yeye alikuwa ameshaona.

Jumamosi saa tatu asubuhi, Swabrah akiwa kwenye wimbo wa mwisho, ilisikika *tak!* Ndogo, kama mtu amevunja njiti ya kiberiti. Skrini ikawa nyeusi.

Taa hazikuzimika! Mniamini. Feni zote sita zilikuwa zinazunguka, bluu, zambarau, kijani. Kibodi inawaka. Kipanya kinawaka. Kila kitu kinawaka isipokuwa kompyuta.

"Labda inapumzika," nikasema.

Swabrah alikuwa ameshatoka mbio kumwita Kosiya.

Kosiya ni fundi wa simu na kompyuta, Mkonjo mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akatoa ubavu wa kioo, akainama, akaguna. Mrija ulikuwa umevuja tone kwa tone. Tone lilishukia kwenye kadi ya picha, na kutoka kwenye kadi likashukia chini yake.

"Muzee Zuba, hii maji umetoa wapi?"

"Kabatoro."

Akavua miwani. Nilidhani atacheka, hakucheka. "Mimi nimeona kompyuta imekunywa soda. Imekunywa chai. Chumvi ya Kabatoro, ni ya kwanza."

Kuna ule msemo wa uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Mimi maji yenyewe niliyafuata kwa lori.

"Diski je?" Swabrah akauliza. 

Kosiya akachomoa kipande kidogo, si kikubwa kuliko kidole. Upande mmoja umefanya ukoko mweupe, mwingine umeungua. Akatikisa kichwa. "Hii imekwenda, mama. Hii hata mimi siwezi kukudanganya."

Nikaona Swabrah anashusha mabega, halafu, cha ajabu, akatabasamu.

"Haidhuru. Mimi kila ninachopiga nakiweka mara mbili. Iko diski ya pili, ile kubwa ya zamani, inakaa chini pale mbele. Harusi yote iko humo."

Kosiya akainama tena. Akapitisha mkono.

"Hapa chini?"

"Hapo."

"Hapa kuna feni."

Wasomaji wangu, kuna jambo niliwaficha. Nilipowasimulia habari ya Achille kuhamisha matumbo ya jeneza, nililiruka makusudi, maana lilinitia haya. Sasa nalisema.

Siku ile, Achille alilishika lile dude kubwa la zamani mkononi akaniuliza, "Papa, hii disque ya pili unaitaka?"

Nikamuuliza, "Iko na taa?"

"Hapana."

"Inapiga kelele?"

"Kidogo, sababu inazungukaka."

"Basi ya nini? Weka feni hapo."

Hayo ndiyo niliyoyasema. Neno kwa neno.

Niliyarudia mbele ya mke wangu nikiwa nimetazama miguu yangu. Kosiya akatoka nje kwa adabu, akajifanya anakagua pikipiki yake. Swabrah hakupiga kelele. Ningelipenda apige.

"Mpigie," akasema. "Weka sauti ya nje."

Achille akapokea. "Allô, Papa Zuba! Mataa inasema nini?"

"Achille, ile diski ya zamani."

"Ile ya kelele? Nilishamupatia Thembo."

"Thembo gani?"

"Thembo wa Hamukungu, mwenye kuonyeshaka ma-film mu kibanda. Alikuja jana kuibeba. Alisema leo anaifutisha yote, anajaza ma-film ya vita. Saa saba batu banaingia kuangalia."

Swabrah akapokonya simu. "Namba yake!"

Akapewa. Akapiga mara moja, mara mbili, mara tano. Hamukungu iko ndani ya mbuga, pembeni mwa ziwa, na mtandao wa kule huja ukipenda. Yule mwanamke wa kwenye simu akawa anarudia tu kwamba mteja hapatikani.

"Kosiya! Pikipiki iko na mafuta?"

"Iko."

"Twende Hamukungu."

Nikaruka. "Naenda mimi! Ni kosa langu, acha niende."

Swabrah alikuwa anafunga mtandio kichwani kwa nguvu. Akageuka akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu ile *tak*.

"Ukienda wewe utakutana na kitu kinachong'aa njiani. Wewe kaa. Mama Elise yuko kwenye gari sasa hivi, anatoka Bwera. Mwambie. Si mimi nimwambie, si Kosiya. Mwambie kwa mdomo wako huo."

Pikipiki ikaondoka. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi. Nikabaki na feni sita.

Jambo la kwanza nililofikiri, nisamehewe, lilikuwa kuzizima. Nikatafuta rimoti. Rimoti nilikuwa nimempa Phionah awabadilishie wateja wake rangi. Nikajaribu swichi ya nyuma, lakini Achille alikuwa amezifungia taa waya wa peke yake ili, alivyosema, nisije nikakosa mwanga hata siku moja. Nikafika kwenye plagi, na mkono uko pale pale kwenye plagi, nikasikia hodi.

"Hodi kwa Mama Swabrah!"

Mama Elise alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Rachelle alikuwa nyuma yake, amebeba kikapu cha maembe na kuku amefungwa miguu. Walituletea sisi. Shukrani.

"Papa Zuba, mwaamuka muzuri? Mama Swabrah iko wapi?"

"Ametoka kidogo. Anarudi."

Hapo nilikuwa nimeshadanganya, na hata kukaa walikuwa hawajakaa.

Mama Elise akaliona lile sanduku. Akaweka mkono kifuani. "Eh! Rachelle, angalia machine! Angalia mataa! Kumbe sisi tulikuwa tunafikiri labda iko ka-machine kadogo tu." Akanigeukia, macho yamejaa. "Papa Zuba, asante. Mutu anaweka mataa yote hii hawezi kupoteza kitu ya mutu."

"Mama Elise, kaa kwanza. Kuna jambo."

Akakaa. Rachelle akabaki wima.  Feni zikageuka kutoka zambarau zikawa waridi, na sote watatu tukawa waridi.

"Filamu..." nikaanza.

Mama Elise aliitazama ile skrini nyeusi, kisha akanitazama mimi, akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu anayemsaidia mwenzake mzigo.

"Naona. Picha haiko tayari. Ile ndiyo unaogopa kuniambia?"

"Mama Elise, si hivyo..."

"Usiogope, baba. Picha si mambo. Sura ya Gracien niko nayo mu kichwa, haitoki. Ni sauti. Sauti ndiyo inaanza kunikimbia. Jana nilifunga macho niisikie, ikakuja sauti ya mutu mwingine, nikalia." Akapangusa uso kwa ncha ya kitenge, akajiweka sawa kitini. "Acha picha. Tuwekee sauti tu."

Rachelle akamweka kuku chini, akavuta kiti karibu na mama yake, akamshika mkono. Wakafumba macho wote wawili, wakasubiri.